Kura Mbili za Hapana

Mtaa mzima ulimwita Mama Nesi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa amestaafu uuguzi, lakini uuguzi wenyewe haukukubali kumwacha. Kila asubuhi aliweka meza ndogo barazani, akatoa kipima presha kwenye kifuko chake, na watu wakaja mmoja mmoja wakikunja mikono ya mashati. Hakumtoza mtu. Alipima, akakunja uso, akatoa amri.

"Chumvi punguza. Na wewe, hiyo dawa uliyopewa na shemeji yako katupe chooni. Mwingine!"

Watu walicheka, wakaitikia, wakaenda zao. Nusu ya watoto wa mtaa ule walizaliwa mikononi mwake, na nusu iliyobaki aliwachoma sindano. Hakuna aliyewahi kumwambia hapana Mama Nesi, na yeye hakuwahi kuliona hilo kama jambo la ajabu. Aliona tu kwamba anaishi na watu waelewa.

Siku bango lilipochomekwa kwenye kiwanja cha kona, pale palipobomolewa nyumba ya zamani, yeye ndiye aliyelisoma wa kwanza. Kampuni moja ya maduka ilitaka kujenga duka la kujihudumia, la kuuza kila kitu, wazi usiku na mchana. Alilisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akalisoma tena.

"Hapa?" alisema peke yake. "Hapa hapa?"

Hakurudi nyumbani. Alipitia mlango kwa mlango akiwa bado na kapu la mboga mkononi. Aliwaambia watu habari za malori ya mizigo yatakayorudi kinyumenyume alfajiri yakipiga vile vilio vyake, habari za taa zitakazomulika madirishani, habari za walevi watakaogeuza ngazi za duka kuwa sebule. Kila mlango ulimjibu jambo moja.

"Kabisa, Mama Nesi."

"Umenitoa maneno mdomoni."

"Wewe tuongoze tu, sisi tuko nyuma yako."

Shoga yake wa karibu, msusi wa nyumba ya pili, alichana shuka lake jeupe akaandika kwa rangi nyekundu HATUTAKI DUKA, herufi kubwa kama za matangazo ya mpira. Mwenyekiti wa mtaa alisema jambo hilo limekwisha kabla halijaanza. Mikutano ikawa inafanyika sebuleni kwa Mama Nesi, na mumewe, fundi simu mstaafu ambaye yeye alimwita Baba Pacha kwa ajili ya mabinti zao wawili walioolewa mbali, ndiye aliyekuwa akibeba viti na kugawa chai. Mtu mpole. Akiulizwa jambo hutabasamu, na ukishatabasamiwa hivyo unasahau kwamba hukujibiwa.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa fundi bomba. Walimwita Koki. Alikuwa mrefu, mbishi, na mwenye sauti ya kukwaruza, na nyumba yake iligusana na kile kiwanja ukuta kwa ukuta. Hakuna mkutano aliokosa. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa spana begani, akikataa kiti, akikataa chai.

"Mama Nesi, nauliza. Mtoto akipata homa usiku wa manane, dawa ya kushusha homa tutaipata wapi?"

"Kwangu. Si mnajua mlango wangu?"

"Na ukiwa umesafiri kwa mabinti zako?"

Watu walitazama sakafu. Mama Nesi alimgeukia taratibu, kama anavyomgeukia mgonjwa aliyekataa kumeza kidonge.

"Koki, nami nakuuliza. Mafriji ya duka kama hilo hayazimwi. Yatawekwa ukuta wa nyuma, na ukuta wa nyuma ndio ukuta wa kitanda chako. Yatanguruma usiku kucha, mwaka kucha. Umewahi kulala chumba kimoja na jenereta?"

"Nitaziba masikio."

"Na mkeo naye utamziba?"

Sebule ikaangua kicheko. Koki naye alicheka kidogo, akatikisa kichwa, lakini mkutano uliofuata alikuja na hoja nyingine, na uliofuata tena nyingine. Mara vijana watapata kazi, mara mtaa utakuwa na mwanga. Mama Nesi alimjibu moja baada ya nyingine. Kuna siku alikesha akitafuta jibu la kumpa. Kwa kweli alimchukia kidogo, kama unavyomchukia nzi aliyekuchagua wewe peke yako katika chumba kilichojaa watu.

Ofisi ya mji ikaleta habari kwamba wakazi wenyewe watapiga kura, na matokeo yataheshimiwa. Hapo ndipo Koki alipotaka watu wanyooshe mikono.

"Tunyooshe tujuane," alisema. "Mtu mzima asimame na neno lake."

Mama Nesi alikataa katakata. Alijua kampuni ina watu wake, na mtu mnyonge akionekana amenyoosha mkono kesho atafuatwa. Alikwenda mwenyewe ofisi ya mji, akakaa kwenye benchi mpaka akasikilizwa, akarudi na ushindi: kura itakuwa ya siri, ndani ya sanduku, na karatasi zitasomwa mbele ya watu wote.

"Sasa hata mwoga ataweza kusema ukweli wake," alimwambia msusi.

Msusi alikuwa akimsuka mteja. Hakuinua macho. "Ni kweli, shoga," alisema.

Kura ilipigwa Jumamosi katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na videvu, wakichekana. Mama Nesi alikaa dawati la mbele, Baba Pacha ubavuni mwake. Kila mtu aliitwa, akaenda nyuma ya pazia lililofungwa kwenye kona, akatia alama yake, akakunja karatasi, akaitumbukiza. Mama Nesi alibonyeza penseli kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Afisa wa mji, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alifungua sanduku. Mwenzake alichora mstari katikati ya ubao, upande mmoja akaandika NDIYO, upande wa pili HAPANA, akashika chaki.

"Ndiyo," akasoma yule mwanamke.

Mama Nesi alitabasamu. Hiyo ya Koki, alijisemea.

"Ndiyo."

Ya mke wa Koki. Kawaida, mke humfuata mumewe.

"Ndiyo. Ndiyo."

Alikunja uso. Labda wapangaji wa nyumba ya ghorofa, wale wasiokuja mikutanoni.

"Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo."

Chaki ilikuwa ikigonga ubao kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Mama Nesi alianza kuhisi masikio yake yanavuma. Alidhani karatasi zimepangwa vibaya, kwamba za ndiyo zimekaa juu na za hapana zitafuata chini. Alingoja. Vicheko vya darasani vilikuwa vimekatika.

"Hapana."

Karatasi ilikuwa na tundu. Aliiona kutoka pale alipokaa, mwanga wa dirisha ukipita ndani yake. Hiyo ilikuwa yake. Akashusha pumzi. Sasa zinaanza, alisema moyoni.

"Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo."

Alitaka kugeuka awatazame watu, shingo ikakataa. Akabaki anatazama ubao, ile mistari ya chaki ikijazana upande mmoja mpaka mwandishi akalazimika kushuka safu nyingine, na upande wa pili ule mstari mmoja umesimama peke yake.

"Hapana," akasoma yule afisa, karibu na mwisho. Kisha zikafuata ndiyo nyingine, na sanduku likawa tupu.

Mbili. Karatasi zaidi ya hamsini, na hapana zilikuwa mbili.

Mama Nesi alisimama. Dawati lilimnasa, akavuta nguo yake, ikachanika kidogo pembeni, hakujali.

"Naomba nizione," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, kama si yake.

Afisa alimpa bila ubishi. Alizipitia moja moja pale mezani, miwani ikimteleza puani kwa jasho. Ndiyo. Ndiyo. Nyingine zimetiwa alama kwa haraka, nyingine kwa uangalifu kama za mwanafunzi mwenye bidii. Hazikuwa na kosa. Alipozimaliza aliinua uso na kuwatazama watu wake. Mwenyekiti alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Msusi alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba usio na kitu. Uso mmoja tu ulikuwa umeinuka, nao ulikuwa wa Koki, aliyesimama mlangoni mdomo wazi akiutazama ubao. Mama Nesi aliona kama anamcheka. Akatoka, akampita bila neno, na miguu ikampeleka nyumbani bila yeye kujua amepita njia gani.

Njiani watu walimfuata, mmoja mmoja.

"Mama Nesi, dunia imeharibika! Mimi mwenyewe niliweka hapana."

"Mama, ile ya pili ilikuwa yangu, nakuapia."

"Unajua mimi siwezi kukuangusha. Ni hao wengine."

Kufikia lango la nyumba yake, zile hapana mbili zilikuwa zimekwisha kupata wenyewe saba. Alimwitikia kila mmoja kwa kichwa. Hakuwa na nguvu za kusema kwamba hapana moja ilikuwa yake na nyingine ilikuwa ya mumewe, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya mtu mwingine tena.

Baba Pacha alifika nyuma yake, akaingia jikoni moja kwa moja, akaanza kumenya viazi. Mama Nesi aliketi kwenye kiti cha mlangoni, akapelekapeleka macho ukutani, mwishowe akasema, "Angalau wewe. Mume wangu, angalau wewe."

Kisu kilisimama kwenye kiazi.

Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu kiasi kwamba alijua kunyamaza kwake kwa aina zote. Kulikuwa na kunyamaza kwa uchovu na kunyamaza kwa kusikiliza redio. Huku hakukujua.

"Baba Pacha?"

"Niliweka ndiyo," alisema mumewe.

Alimtazama kama mtu aliyeingiliwa na mgeni nyumbani. Ilikuwa sura ile ile, shati lile lile alilolipiga pasi yeye mwenyewe asubuhi.

"Ulikaa pembeni yangu!"

"Nilikaa."

"Ulibeba viti! Uligawa chai!"

"Niligawa. Hukuniuliza kura yangu, Mama Pacha. Uliniuliza kama sukari imetosha."

"Kwa nini? Niambie kwa nini tu."

Akaweka kisu chini, akajifuta mikono. "Goti," alisema. "Madukani ni mbali. Lile daraja la kuvukia barabara kuu lina ngazi nyingi, na kila nikishuka naona nyota. Nataka niwe naamka, naenda kununua mkate na gazeti mwenyewe, narudi. Si zaidi ya hapo."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia. Ukaniambia ni mazoezi. Nilipokuambia tena ukanifundisha kunyoosha mguu nikiwa kitandani. Sikusema tena."

Mama Nesi alilitazama lile goti. Alikumbuka lile zoezi. Alikumbuka hata alivyofurahi kumwona analifanya vizuri. Aliinuka, akaenda chumba cha mabinti, akajilaza juu ya kitanda kisicho na shuka, na nguo yake iliyochanika, mpaka giza likaingia na harufu ya viazi vilivyoungua ikamfikia. Mumewe naye, kumbe, alikuwa amesahau jiko.

Lakini katikati ya huzuni swali moja lilimkaa kichwani. Kama Baba Pacha si wa pili, ni nani?

Jumatatu aliweka meza barazani kama kawaida. Hakuna aliyekuja. Aliwaona watu wakikata kona kabla ya kufika kwake, wakipita uchochoro wa nyuma wenye matope. Aliufunga mkono wake mwenyewe akajipima, akakunja uso kwa alichokiona, na hakukuwa na mtu wa kumpa amri.

Adhuhuri msusi akaja. Hakuketi. Alisimama chini ya ngazi akilia, kitana bado kimechomekwa nyweleni.

"Nilidanganya," alisema. "Sikuweka hapana. Nataka nikuambie mwenyewe kabla sijapasuka."

"Lakini wewe uliandika shuka! Ulichana shuka lako jema!"

"Nililichana. Wateja wangu wanamaliza kusukwa jioni, wanaogopa kupita ile kona gizani. Nilitaka taa, shoga. Nilitaka taa tangu siku ya kwanza."

"Basi ungesema. Kwani ningekumeza?"

Msusi alifuta kamasi kwa nyuma ya mkono. "Nilipojifungua mwanangu wa kwanza ulinishika mkono kutwa nzima. Hukwenda kula, hukwenda popote. Mtu aliyekushika hivyo unamwangaliaje usoni, umwambie hatukubaliani?"

"Kwani niliwahi kukudai?"

"Hukudai hata siku moja. Ndiyo maana."

Mama Nesi alishika tama. Miaka yote hiyo alidhani anawapa watu kitu, wakipokea wakaenda zao wepesi. Hakujua kwamba kila mmoja alikuwa ameondoka na mzigo. Alimwambia msusi apande aketi. Msusi akapanda, akakaa ukingoni mwa kiti.

Jioni akaja Koki. Mama Nesi alimwona akivuka barabara na mfuko wake wa spana, akajiandaa kwa kejeli. Koki hakuwa amewahi kuketi barazani pale. Aliweka mfuko chini, akavuta kiti, akakunja mkono wa shati.

"Nipime."

Alimfunga, akapampu, akasikiliza. "Iko juu," alisema kwa ukali. "Umefurahi sana, naona. Furaha nayo hupandisha."

"Sina furaha. Tangu Jumamosi sijalala." Koki alijikuna shingo. "Nilidhani tutakuwa wengi. Nilidhani mimi tu ndiye mbishi, na wengine wote wako na wewe. Nilipoona ubao ule nikasema, mama yangu, nimebaki na Mama Nesi peke yetu."

Mama Nesi aliacha kufungua kitambaa cha kipimo. "Umesemaje?"

"Ile hapana ya pili. Ni yangu."

Mama Nesi akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Wewe ni wa nane kuniambia hivyo."

"Karatasi ilikuwa na alama ya mafuta ya bomba pembeni. Si uliziona mwenyewe? Dole gumba hili hapa." Akalinyoosha, jeusi ukingoni, weusi usiotoka kwa sabuni yoyote.

Aliikumbuka. Aliikumbuka vizuri, alidhani ni uchafu wa sanduku. Akaketi polepole. Mshtuko wa ubao na mshtuko wa jikoni alikuwa ameanza kuuzoea, lakini huu ulimkata pumzi kabisa.

"Lakini wewe ndiye uliyenipinga! Kila mkutano! Nimekesha kwa ajili yako, Koki, nikitafuta la kukujibu!"

"Na mimi nilikesha na majibu yako," Koki alisema. "Yale mafriji, kwa mfano. Nilicheka pale, nikaenda nyumbani, nikaweka sikio ukutani. Nikamwambia mke wangu aweke naye. Hapakuwa na kitu cha kusikia, kimya tu, ndipo nikajua nitakipoteza. Nilirudi na hoja nyingine nione kama utashindwa. Hukushindwa. Siku ya kura nikasema haya, mwanamke huyu amenishinda, lazima nikubali." Akashusha mkono wa shati. "Mke wangu aliweka ndiyo. Tunagombana mpaka leo."

Mama Nesi hakujua acheke au alie. Katika mtaa mzima alikuwa amemvuta mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye pekee aliyesimama akambishia. Wengine hakuwa amewavuta wala kuwasikia. Walikuwa wameitikia tu.

Wiki chache baadaye ofisi ya mji iliita watu tena darasani, safari hii kupanga masharti: duka lifungwe saa ngapi, malori yaje wakati gani. Mama Nesi alisita kwenda. Alikwenda, lakini akakaa nyuma. Mwenyekiti alipomtaka aanze, alisema anataka duka lifungwe saa tatu usiku, kisha, badala ya kuendelea kama desturi yake, akasema, "Asiyekubali na aseme. Sitamnyima mtu kipimo." Akaketi.

Watu walitazamana. Hatimaye dawati lililia, na aliyesimama alikuwa Baba Pacha, mkono mmoja ameegemea ukuta.

"Mimi na mke wangu hatukubaliani," alisema. "Saa tatu ni mapema mno. Watu wengine hutoka kazini wakati huo."

Mama Nesi alishtuka kana kwamba amemwagiwa maji. Kujua ni jambo moja. Kusikia mbele ya watu ni jambo jingine. Uso ulimwaka. Aliona darasa zima limezuia pumzi likimngoja yeye.

"Endelea," alisema.

Basi wakabishana. Walibishana mpaka afisa wa mji akaomba maji. Msusi alidai taa ya kona iwake hata duka likifungwa, Koki akasema mafriji yasisogezwe ukutani kwake, mke wa Koki akamwambia mumewe apunguze sauti. Mwisho walikubaliana saa nne na nusu, malori baada ya jua kuchomoza, na mafriji upande wa barabara.

Duka lilijengwa, likafunguliwa. Baba Pacha hununua mkate wake. Mama Nesi alikaa muda mrefu bila kuingia, na alipoingia alitoka na kiberiti tu. Bango la duka linang'aa kupita kiasi; yeye na Koki wameandika malalamiko na wanatafuta watu wa kutia saini. Alipompelekea msusi, shoga yake alisoma karatasi mpaka mwisho, akamrudishia.

"Hii sitii," alisema msusi, sauti ikimtetemeka. "Mimi ule mwanga naupenda."

Mama Nesi alisimama pale na kalamu mkononi. Akaikunja ile karatasi.

"Haya," alisema. "Kesho njoo upime presha. Wiki iliyopita hukuja."